Mtoto Aliyehesabu Hadi Mia

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji alimaliza kidato cha nne shuleni hapa mwaka 1971, akafundisha katika shule za msingi toka mwaka 1974 hadi alipostaafu mwaka 2013.)



Barua ya Katibu iliniomba nizungumzie sababu za vijana wetu kushindwa Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne. Ni jambo zito, wala si la shule hii peke yake. Kwa miaka mingi somo hilo limekuwa likiburuta mkia nchi nzima. Nadhani Katibu alitegemea niseme juu ya upungufu wa vitabu, uchache wa walimu na utoro. Hayo ninayajua, na ninyi mnayajua. Lakini mimi sikufundisha kidato cha nne hata siku moja. Nilifundisha watoto wadogo, tena darasa la kwanza kwa muda mrefu kuliko madarasa mengine yote. Kwa hiyo mtaniwia radhi nikiwarudisha nyuma, miaka kumi na zaidi kabla ya mtihani huo, mpaka kwa mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano, ambaye hajashika kalamu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Mnakumbuka kuwa Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza mwezi Novemba 1977. Mwaka uliofuata nilikabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya tisini, wakubwa na wadogo wamechanganyika, wengine wamekaa chini kwa kuwa madawati hayakutosha. Katika hao alikuwamo mvulana mmoja wa kama miaka saba, mwenye sauti kali, aliyeweza kuhesabu toka moja hadi mia bila kukwama. Nilijivuna naye mno. Mkaguzi alipokuja nilimsimamisha mbele, naye akaimba moja hadi mia, darasa zima likapiga makofi.

Mkaguzi alikuwa mtu mpole. Alifungua mfuko wetu wa visoda, akavimwaga mezani, akamwambia, "Vizuri sana, mwanangu. Sasa nipe visoda saba." Mtoto akachota konzi moja akampa. Mkaguzi akauliza, "Hivi ni vingapi?" Mtoto akahesabu kwa kidole, kimoja kimoja, barabara kabisa, akafika kumi na moja. "Kwa hiyo ni vingapi?" Akaanza tena: moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na moja akaulizwa mara ya tatu, naye akaanza upya. Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akaandika kitu katika daftari lake, akanishukuru, akaenda zake.

Alipoondoka nilimchapa yule mtoto. Nilimwambia kwamba ameniaibisha kwa makusudi, maana mtu awezaye kufika mia atashindwaje na saba? Siku hizo tulipenda sana kusema samaki mkunje angali mbichi.

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mtoto yule hakufanya uzembe wala kiburi. Alijibu alivyoulizwa kwa kadiri ya alivyoelewa. Kwake yeye, neno "vingapi" lilikuwa amri ya kuanza wimbo, na wimbo aliujua. Kwamba neno la mwisho la wimbo huo ndilo hesabu ya visoda vyote kwa pamoja, hilo hakuna aliyepata kumwonyesha. Na mimi niliyelipwa mshahara ili nimwonyeshe nilikuwa sijui kwamba ni jambo la kufundishwa. Nilidhani mtoto huzaliwa nalo.

Sasa tutazame mtoto huzaliwa na nini. Zamani ilidhaniwa kwamba hana kitu. Mwaka 1992 mtafiti mmoja wa Marekani aitwaye Karen Wynn alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa watoto wachanga wa miezi mitano hivi. Mtoto alionyeshwa mwanasesere mmoja jukwaani, kisha pazia dogo likainuliwa kumficha. Mtoto akaona mkono ukipeleka mwanasesere wa pili nyuma ya pazia. Pazia lilipoteremshwa, mara nyingine walionekana wawili, mara nyingine kwa hila alionekana mmoja tu. Wale watoto walimkodolea macho kwa muda mrefu zaidi yule mmoja, kama mtu aliyeona jambo lisilowezekana. Watu wanabishana hadi leo juu ya maana yake, lakini walio wengi hukubali kwamba mtoto huja duniani na uwezo fulani wa kuona tofauti ya moja, mbili na tatu, na tofauti ya vingi na vichache, kabla ya kujua neno lolote.

Uwezo huo, hata hivyo, si kuhesabu. Kuhesabu ni kazi ya kujifunza, nayo ina sehemu kadhaa ambazo sisi watu wazima tumesahau kwamba zilikuwa sehemu. Rochel Gelman na Charles Gallistel walizieleza katika kitabu chao cha mwaka 1978. Naam, mwaka ule ule wa fimbo yangu. Lazima maneno yafuatane kwa mpango mmoja siku zote. Lazima kila kitu kipate neno moja tu, kisirukwe wala kisihesabiwe mara mbili. Lazima mtoto ajue kwamba neno la mwisho ndilo idadi ya vyote. Zaidi ya hayo, ajue kwamba chochote chahesabika, mbuzi au makofi, na kwamba si kitu ukianzia kulia au kushoto. Mvulana wangu alikuwa na mbili za kwanza. Ya tatu ilimkosa, na bila hiyo zile mbili ni ngoma tu.

Huyo huyo Karen Wynn, mwaka 1990, alikuwa amechapisha jaribio ambalo lingemfurahisha mkaguzi wetu. Aliwaomba watoto wa miaka miwili hadi minne wampe vitu vya kuchezea: kimoja, viwili, vitatu, hata sita. Akaona ngazi. Mtoto kwanza huwa anajua maana ya moja tu. Ukimwomba viwili au vitano anachota konzi. Miezi kadhaa baadaye anajua mbili. Miezi mingine, tatu. Muda wote huo aweza kuwa anatamka hadi kumi bila kosa. Kisha, aghalabu kati ya miaka mitatu na nusu na minne, jambo linafunguka, na tangu hapo akiombwa tano au sita anahesabu, anasimama, anatoa. Watafiti wengine wamerudia jaribio hilo katika nchi nyingi, na ngazi ni zile zile.

Kinachobadilika ni umri. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti juu ya watoto wa Watsimane, wakulima na wawindaji wa huko Bolivia. Watoto hao walipanda ngazi zile zile kwa mpangilio ule ule, ila kwa kuchelewa miaka kadhaa, kwa kuwa katika maisha yao maneno ya hesabu hayatumiki sana na shule ni haba. Niliposoma habari hiyo nilikuwa nimekwisha staafu. Nilikaa kimya siku nzima. Mtoto wa miaka saba aliyetoka katika nyumba isiyo na mazoea ya kuhesabu vitu kwa sauti aweza kuwa na akili timamu kabisa na bado akawa katikati ya ngazi. Mimi nilimhesabu kuwa mjinga, nikamketisha nyuma pamoja na wengine wa aina yake, na kwenda mbele na waliobaki.

Kuna Mswisi aliyejulikana sana katika vyuo vyetu vya ualimu, Jean Piaget. Tulimkariri kwa ajili ya mtihani. Kitabu chake juu ya asili ya namba kwa mtoto kilitoka mwaka 1941. Alipanga safu mbili za vitu zenye idadi sawa, mtoto akakubali ni sawa. Kisha akaitandaza safu moja ikawa ndefu, akauliza tena. Watoto wa miaka minne na mitano walisema ile ndefu ina vingi zaidi. Piaget akaona kwamba mtoto, mpaka afike kama miaka sita au saba, bado hajui kuwa idadi haibadiliki kwa vitu kutawanywa.

Chuoni tuliishia hapo. Hatukuambiwa kwamba huko Scotland, mwaka 1974, James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio hilo kwa namna nyingine. Badala ya mtu mzima kuitandaza safu, alitokea mwanasesere dubu, mtundu, akaruka nje ya sanduku akaivuruga "kwa bahati mbaya". Sasa walio wengi katika watoto wale wale wa miaka minne hadi sita walisema idadi ni sawa! Kwa nini? Fikirini wenyewe. Mtu mzima akikuuliza swali, ukajibu, halafu akagusa vitu kwa makusudi mbele yako na kuuliza swali lile lile, mtoto mwenye adabu atadhani kuwa anatakiwa abadili jibu. Katika desturi zetu za kuheshimu wakubwa, mimi naamini jambo hili lina nguvu zaidi. Ni mara ngapi tumemwuliza mtoto "Una hakika?" naye akaacha jibu la kweli akashika la uongo, kwa heshima tu?

Niseme kidogo juu ya lugha, maana hapa Kiswahili kina neema ambayo hatuitumii. Mtoto wa Kiingereza akifika kumi anakutana na maneno mawili ya kumi na moja na kumi na mbili ambayo hayamwonyeshi kumi wala moja wala mbili. Watafiti waliowalinganisha watoto wa Kichina na wa Kimarekani, matokeo yao yakachapishwa mwaka 1995, waliona kwamba hadi kumi walikuwa sawa, lakini baada ya kumi Wachina walitangulia, kwa sababu lugha yao husema kumi-moja, kumi-mbili. Sisi nasi husema hivyo hivyo. Mtoto akishasikia "kumi na tatu" amekwisha pewa somo la makumi na mamoja bure. Kisha tunafika ishirini, na neema inakatika, kwa kuwa ishirini, thelathini, arobaini ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto hawezi kusikia "mbili" ndani ya ishirini. Zipo lugha za Kibantu ambazo bado zinasema makumi mawili. Kinyarwanda husema makumyabiri. Nilipokuwa darasani miaka ya mwisho nilianza kusema "ishirini, yaani makumi mawili," na kuwafungia vijiti kumi kumi kwa uzi. Mwalimu Mkuu aliyekuwapo aliniuliza kama nimebuni Kiswahili kipya. Nikamjibu kwamba wazee walikuwa wakisema hivyo kabla yetu.

Tena kuna ngeli. Tunawalalamikia wageni wanaoshindwa ngeli zetu, kumbe ngeli ni mwalimu wa hesabu. Tunaposema "kiti kimoja kimevunjika, viti viwili vimevunjika", mtoto anasikia tofauti ya moja na zaidi ya moja katika kila neno la sentensi. Imeonekana mwaka 2013 kwamba watoto wa Slovenia na wa Saudi Arabia, ambao lugha zao zina umbo la pekee kwa vitu viwili, huijua maana ya mbili mapema kuliko watoto wa Kiingereza. Upande wa pili ni kwamba mtoto wetu ana kazi ya kugundua kuwa wawili, viwili, mawili na mbili ni kitu kimoja. Mwalimu akiliimbisha darasa "mbili" tu asubuhi hadi mchana, bila kuonyesha watoto wawili, vijiti viwili na mawe mawili, hajalifungua fumbo hilo.

Nakuja kwenu, vijana wa kidato cha pili mnaocheka huko nyuma. Wengi wenu mna wadogo zenu nyumbani. Likizo ijayo mpeni mmoja wao wa miaka mitatu au minne kikapu cha maembe, au visoda kama si msimu wa maembe, mwambie akupe matatu. Asipoweza, msimcheke. Jueni tu kwamba yuko ngazi ya pili, basi mchezeni kwenye tatu. Msimkimbize hadi ishirini ili majirani wamsifu.

Nyumba ndiyo shule ya kwanza ya namba, na haihitaji fedha. Wamarekani wamechunguza mazungumzo ya wazazi na watoto wadogo, wakaona kwamba kinachosaidia zaidi ni kuhesabu vitu vilivyo mbele ya macho ya mtoto na kumtajia jumla yake, hasa vinapokuwa vinne hadi kumi. Kuimba namba hewani hakusaidii hivyo. "Wageni ni watano, lete vikombe vitano, umeleta vinne, nani hana?" Sehemu nyingi za nchi yetu wazee hawapendi watoto wahesabiwe, wala ng'ombe. Sawa, mimi siwagombi. Hesabuni vikombe.

Na michezo. Mnakumbuka mdako? Kishimo, kokoto, unarusha moja juu, unachota nyingine, unarudisha zote na kubakiza moja, kisha mbili, kisha tatu. Msichana wa miaka sita aliyeshika mdako amekwisha kutoa na kujumlisha mara mia kabla ya chakula cha mchana. Tulikuwa tukizifukia zile shimo kwa sababu zinachafua uwanja. Robert Siegler na Geetha Ramani walichapisha mwaka 2008 kisa cha watoto wa miaka minne na mitano, wa familia maskini huko Marekani, waliochezeshwa ubao wenye visanduku kumi vilivyopangwa mstari na kuandikwa 1 hadi 10. Walicheza mara nne, robo saa kila mara. Kwa saa moja tu hiyo ujuzi wao wa namba ulipanda waziwazi, na baada ya wiki kadhaa ulikuwapo bado. Wenzao waliocheza ubao kama huo wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Chaki moja na sakafu ya saruji vinatosha kwa jambo hili.

Katibu ataniuliza: haya yanahusu nini na kidato cha nne? Mwaka 2007 walitokea wachunguzi, Greg Duncan na wenzake, wakakusanya taarifa za maelfu ya watoto waliofuatiliwa kwa miaka Marekani, Uingereza na Kanada. Waliona kwamba ujuzi wa namba ambao mtoto anaingia nao shule hutabiri maendeleo yake ya baadaye kuliko kitu kingine chochote walichopima, hata kuliko kusoma. Kutabiri si kusababisha, hilo nakubali, na walimu wa Hisabati waliopo hapa watanikumbusha. Lakini nimeona kwa macho yangu mtoto akichukua namba kama wimbo, kisha jedwali la kuzidisha kama wimbo, kisha kanuni za aljebra kama wimbo, mpaka anafika chumba cha mtihani akiwa na nyimbo nyingi na hajui hata moja ni ya nini.

Yule mvulana wangu aliacha shule darasa la tano. Mwaka 1996 nilikutana naye mnadani, mtu mzima, ananunua mbuzi. Alikuwa akijumlisha bei za mbuzi kumi na nne kichwani, anatoa ushuru, anagawa faida kwa washirika watatu, kabla mimi sijapata kalamu mfukoni. Kule Recife, Brazil, watafiti walikuwa wameliandika jambo hili mwaka 1985: watoto wauza madafu waliopata karibu kila hesabu sokoni, lakini walipopewa hesabu zile zile kwa karatasi, bila madafu wala mteja, wakakosa zaidi ya nusu. Aliniamkia kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu." Akaninunulia chai. Akawaambia wenzake kwamba mimi ndiye niliyemfundisha, ila hesabu za shule zilimshinda kwa kuwa yeye hakuzaliwa na kichwa cha hesabu. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu asemavyo kuwa hakuzaliwa mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kumweleza, sikumweleza. Chai ilinipalia.

Sasa nitoe ombi langu, halafu niketi. Nimeona katika ajenda ya mchana kuna fedha za chama, na kwamba pendekezo lililo mbele ni lango jipya la shule lenye nembo. Mimi pia naipenda nembo yetu. Lakini ng'ambo ya barabara hii ipo shule ya msingi yenye darasa la awali. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na toka mwaka 2015 madarasa ya kwanza na la pili yamewekewa mkazo wa kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni maneno mazuri. Nilipita pale juzi asubuhi. Mwalimu ni mmoja, watoto sikuweza kuwahesabu, na walikuwa wanaimba moja hadi mia.

Naomba lango lingoje mwaka mmoja. Fedha hizo zisakafie chumba kile, zinunue mikeka, na zimpatie yule mwalimu msaidizi. Na naomba Mkuu wa Shule awaruhusu wavulana wa kidato cha tatu, sita sita, wavuke barabara kila Ijumaa mchana wakacheze na wale watoto, si kuwafundisha, kucheza tu: kuomba visoda vitatu, kuruka visanduku vya chaki, kuchimba vishimo vya mdako. Visoda msinunue. Ninavyo gunia zima nyumbani, vimeoshwa na kugongwa kingo zisikate.